Miaka tisa nabuni mikoba na nguo kwa jina langu hapa Dodoma: kipande cha kwanza hulipwa na nani?

BintiZabibu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Wiki jana mtu aliuliza humu kama kubuni nguo na mikoba kwa jina lako mwenyewe kunalipa, au ni kuuza sura mtandaoni tu. Nikaanza kumjibu mistari miwili, ikawa ishirini, nikafuta. Leo umeme umekatika, mashine zimelala, simu ina chaji. Acha nimwage.

Kwetu ni Mvumi. Ushonaji nimesomea VETA, chuo cha ufundi stadi, kisha nikakaa miaka miwili kwenye kibaraza cha fundi mmoja Majengo nikikunja pindo na kutia vifungo. 2017 nikapanga chumba kimoja Chang'ombe, cherehani moja ya miguu na meza ya kuazima. Mwaka ule ofisi za serikali zilikuwa zinahamia, kila kukicha lori la samani linashuka kutoka Dar. Kila mtu ananiambia, "Mji unajaa, utakula." Nimekula, ila si pale walipodhani.

Mwanzoni nilishona kila kilichopita mlangoni. Magauni, sare za shule, mapazia, mpaka kava za viti vya daladala. Kwenye mikoba niliingilia dirishani: mabaki ya vitenge. Mteja analeta yadi sita, gauni linakula nne, vipande anaviacha. Nikawa navigeuza vipochi, namrudishia mwenyewe kama zawadi. Siku moja dada mmoja akaacha gauni lake mezani, akashika kipochi. "Hiki unauza bei gani?" Sikuwa na bei. Nikasema elfu tano, akalipa bila kubisha, nami usiku nikakaa najiuliza kwa nini hakubisha wakati kwenye gauni alibisha dakika arobaini.

Nikaacha mapazia. Nikaingia kwenye mikoba ya kitenge na ngozi. Hapo ndipo nilipoanza kupata hasara kitaalamu.

Mkoba wangu wa kwanza niliouza kwa wingi hesabu yake hii, naitoa kwenye daftari la 2019: ngozi 18,000, kitenge 4,000, bitana 2,500, zipu 1,500, pete za chuma 3,000, uzi na gundi 1,000. Jumla 30,000. Msaidizi namlipa 12,000 kwa mkoba. Kodi na umeme nikigawanya, 4,000. Tayari 46,000. Nikauza 50,000, najisifu napata faida 4,000 kwa kila mmoja.

Sasa chukua mikoba kumi. Tisa imeuzwa, faida 36,000. Mmoja umegoma kununuliwa au umeharibika mkononi, 46,000 imezama. Mwezi mzima nimefanya kazi nikabaki na deni la 10,000, na bado sijahesabu mikoba mitatu ya majaribio niliyoshona na kuifumua kabla huo wa kuuza haujakaa sawa. Miaka miwili nilikuwa nalipa watu wabebe mikoba yangu, sijui.

Umeme umerudi. Naja.

---

Kijana wa Jamatini

Dada usinielewe vibaya, ila hapa ndipo mnapotuchanganya. Mbunifu ni fundi aliyenunua simu yenye kamera nzuri. Mimi nashona mwaka wa kumi na moja, sijawahi kujiita mbunifu, na watu wanavaa.

---

Mwana_UDOM

Nimeweka kiti. Endelea, mleta uzi.

---

Mtumishi wa Mtumba

Mimi ni mteja, nisemee upande wetu. Mafundi wa mji huu mna dhambi moja: "njoo kesho." Nilipeleka kitambaa cha harusi ya mdogo wangu, nikavaa nguo ya zamani ukumbini, yangu nikaipata Jumatano. Tangu hapo nanunua iliyoshonwa tayari. Naona ndani, napima, nalipa, naondoka.

---

BintiZabibu

Kaka wa Jamatini, sijakwazika. Mimi mwenyewe ni fundi, siwezi kuutukana mkono unaonilisha. Lakini tofauti ipo na haiko kwenye kamera. Ameisema huyu mtumishi bila kukusudia.

Mteja wako analeta kitambaa chake, anatoa kianzio, anakuonyesha picha. Nguo ikitoka mbaya, kitambaa kilikuwa chake na wazo lilikuwa lake, wewe unauza mshono. Mimi kitambaa nimenunua mimi, wazo ni langu, nimekata kabla sijamjua mnunuzi. Asipotokea, mkoba ni wangu mpaka Yesu arudi. Fundi analipwa kipande cha kwanza, mbunifu anakilipia. Ndiyo maana bei zetu haziwezi kulingana, na ndiyo maana wengi wetu tunarudi kwenye mapazia ndani ya mwaka wa pili.

Kuhusu "njoo kesho", mtumishi, nakubali kosa kwa niaba ya ukoo. Mzizi wake ni kwamba fundi anapokea kianzio cha kazi ya leo ili amalizie vifaa vya kazi ya juzi. Kazi zikifika kumi na tano, hakuna hata moja yenye hela yake.

---

Mama Kwaya

Binti, mimi ni kiongozi wa kwaya, sare za watu arobaini kila Pasaka. Hawa mafundi tunawalea sisi. Mbona hujazungumzia sare? Huko ndiko kwenye pesa.

---

BintiZabibu

Mama shikamoo. Sare nazijia sasa hivi, maana bila sare nisingekuwa na uzi wa kuandika hapa.

Mji wetu una kalenda yake. Januari watu wako kwenye ada, usitegemee kitu. Februari yote ni sare za Machi 8, kila ofisi ina kikundi cha wanawake na kila kikundi kina kitenge chake, na kila kikundi kinaamua wiki moja kabla. Aprili mpaka mwisho wa Juni ni Bunge la bajeti. Mji unafurika wageni, hoteli zinajaa, na mgeni aliyemaliza kikao anataka zawadi ya kupeleka nyumbani. Zamani ilikuwa zabibu na mvinyo. Sasa wengine wanabeba mkoba. Julai Bunge likishaondoka, unaweza kulala mlangoni pa duka usiamshwe, na vumbi la upepo wa kipindi hicho linakufunika bure. Mwaka wa uchaguzi Bunge likivunjwa, ukimya unaongezeka mara dufu. Novemba na Desemba kuna mahafali ya vyuo, send-off na harusi, na kwaya za Krismasi.

Sare ndizo zinazolipa kodi. Watu arobaini, pateni (vielelezo vya kukatia) tatu, kitambaa wananunua wenyewe. Hela ya sare ndiyo ninayoitumia Julai kutengeneza sampuli za mikoba. Kwa hiyo mama Kwaya, mkoba wangu mpya wa mwaka juzi mmeulipia ninyi waimbaji.

Ila sare nazo zina masharti. Kitenge lazima nikiloweke kabla ya kukata, maana pamba hurudi. Niliwahi kushona sare za watu 22 bila kuloweka. Sifa zilikuwa nyingi Jumapili ya kwanza. Baada ya kufuliwa, wanakwaya wa safu ya nyuma hawakuweza kunyanyua mikono. Na ua kubwa la kitenge likitakiwa lilingane katikati ya kifua, ongeza nusu yadi kwa kila mtu, la sivyo utampa mmoja ua zima, mwingine majani matupu, na kwaya itavunjika kwa sababu yako.

---

Mama Kwaya

Hahaha marahaba. Hiyo ya safu ya nyuma imetutokea, sikutaji.

---

Mchunaji_Mpwapwa

Mimi nimeona neno ngozi nikasimama. Ngozi unachukua wapi? Maana sisi huku mbuzi wanachinjwa kila siku, ngozi nyingine zinaliwa na mbwa, halafu nasikia wabunifu mnavaa ngozi za kutoka nje.

---

BintiZabibu

Hapa umenigusa pabovu, mkuu.

Nimejaribu ngozi ya hapa kati tangu 2018. Shida haianzii kiwandani, inaanzia kwa mbuzi akiwa hai. Nchi yetu ni ya miiba. Mbuzi anapita kwenye migunga asubuhi na jioni, kila mchubuko unabaki kwenye ngozi maisha yote. Kupe anaacha kidoa. Kwa ng'ombe mwenye mali anapiga chapa ubavuni, pale pale penye ngozi nzuri. Kisha mchunaji, samahani mkuu, anachuna kwa kisu cha ncha kali kama anamenya muhogo, anaacha vitobo. Baadaye ngozi inatupwa juani kwenye udongo, ile ya chini inaanza kuoza kabla ya jioni.

Ngozi ya mbuzi wetu ikitoka vizuri inatoa futi za mraba nne hivi, tano ukibahatika. Mkoba mmoja wa bega unaila yote. Ikiwa na kitobo katikati, mkoba umekufa, nabaki na mikanda na vishika funguo.

Kingine ambacho mtu wa nguo haelewi mpaka aungue: ngozi haifumuliwi. Kitambaa ukikosea unafumua, unapiga pasi, hakuna aliyeona. Kwenye ngozi kila tundu la sindano ni la milele. Ndiyo maana majaribio yote nayafanya kwa kitambaa kigumu cha turubai kwanza, nabeba mkoba wa turubai wiki nzima mimi mwenyewe, naweka chupa ya maji na daftari, naangalia unavutika wapi. Mkoba unaovutika begani siku ya tatu haujawa tayari, hata kama picha yake ni nzuri.

---

Mchunaji_Mpwapwa

Samahani imepokelewa, na kweli kisu cha ncha ndicho kinaharibu. Cha ncha butu na ngumi ndiyo inayotenganisha ngozi na nyama. Ukitaka ziwe safi, mwambie mchinjaji atie chumvi ile ile saa, au aiwambe kwenye fremu ya miti kivulini, isiguse udongo. Shida ni bei. Ngozi nzuri na ngozi yenye vitobo zinanunuliwa sawa, sasa nihangaike na kivuli kwa ajili ya nani?

---

BintiZabibu

Kwa ajili yangu. Mimi sasa namlipa mtu mmoja wa Kongwa nusu ya bei zaidi kwa ngozi isiyo na kitobo. Zikishatengenezwa nazipata za rangi ya udongo, zile zilizolainishwa kwa magome, siyo za kemikali ya chromu. Zenye magome zinazeeka vizuri, zinapata wekundu kadiri unavyozibeba. Kasoro yake moja, hazipendi mvua. Dodoma mvua ni miezi minne mitano, tutavumiliana.

Na michubuko ya miiba nimeacha kuificha. Naipanga mbele ya mkoba. Mteja akiuliza namwambia hapo mbuzi alipita Bahi. Wengine wanacheka wanarudisha mezani. Wanaonunua hawaulizi punguzo.

---

Mwana_UDOM

Dada mimi niko mwaka wa pili, nashona hereni na mikanda ya shanga hosteli. Je, batiki nijaribu? Naona video zake zinaonekana rahisi.

---

BintiZabibu

Mdogo wangu, batiki nimeitelekeza. Nta, rangi, magadi makali, haidro, vyote unapata. Kinachokosekana ni maji. Batiki inataka kusuuzwa na kusuuzwa, na maji yetu ya visima ni magumu, hata sabuni inayalalamikia. Rangi ile ile niliyoona imetoka buluu ya bahari Dar, kwangu ilitoka kama sare ya mgambo. Mwenye tangi la mvua aendelee. Mimi nanunua kwa akina mama wa Morogoro.

Shanga baki nazo. Mimi nilianza hereni kwa kumtazama bibi yangu mzaa mama. Alikuwa mpigaji wa muheme, ile ngoma ya wanawake wa Kigogo, na masikio yake yalikuwa na matundu mapana ya pambo la zamani. Nilichora mapambo yake yote kwenye daftari kabla hajafariki. Nilimwomba ruhusa kwanza, akaniuliza, "Wewe utayauza kwa watu wasiojua kucheza?" Nikasema ndiyo. Akanyamaza muda mrefu, akanionyesha mawili ambayo nisiyauze. Sijayauza.

---

Kijana wa Jamatini

Sawa, hoja ya kipande cha kwanza nimeielewa. Lakini mbona mtu akikuiga huna la kufanya? Mimi nikiona mkoba wako leo, Ijumaa ninao sokoni kwa nusu bei.

---

BintiZabibu

Imeshatokea. 2021 mteja alipiga picha mkoba wangu mmoja "amuonyeshe dada yake". Wiki tano baadaye nikaukuta sokoni, ngozi ya plastiki, 20,000. Nililia, kweli. Kisha nikaununua mmoja nikaufumua wote nione walivyofanya. Walikosa jinsi ya kupunguza unene wa ngozi kwenye kona kabla ya kukunja, kwa hiyo kona zao zilikuwa vifundo. Hapo nikajua cha kulinda ni kipi.

Tuseme la sheria kidogo, maana wengi wanachanganya. Kusajili jina la biashara BRELA, kwa wakala wa usajili wa biashara, siyo kulinda jina. Ile ni kukutambulisha kwamba upo. Ukitaka mwingine asiuze mikoba kwa jina au nembo yako, unasajili alama ya biashara, hiyo nayo iko BRELA lakini ni ombi jingine na ada nyingine. Inadumu miaka 7 ya mwanzo, kisha unahuisha kwa miaka kumi kumi. Mimi nimefanya zote mbili. Umbo la mkoba sijalilinda, na sikudanganyi kwamba nitaweza kumfukuza kila anayekata mviringo kama wangu. Nalinda jina, natunza pateni kabatini, na kila Julai natoa umbo jipya. Wakimaliza kuiga la mwaka jana, mimi nimeshatoka.

---

Mtumishi wa Mtumba

Na ushindani wa Kariakoo? Tangu treni ya mwendokasi ianze 2024, mke wangu anaenda Dar asubuhi anarudi jioni na mizigo.

---

BintiZabibu

Imenipiga na imenibeba. Wateja wa nguo za kawaida nimewapoteza, wanashuka na mabegi tayari. Lakini na mimi zipu na pete nilikuwa naagiza kwa basi, dukani wananitumia rangi wanayotaka wao, narudisha, wiki mbili zimeisha. Siku hizi naenda mwenyewe, nachagua pete moja moja, nazigonga kwenye meno kujua kama ni chuma au bati lililopakwa, jioni niko Dodoma. Mikoba inayorudi kwa pete kukatika imepungua mpaka sikumbuki wa mwisho.

---

Mama Kwaya

Majukwaa je? Kuna ile Swahili Fashion Week, maonyesho ya mavazi ya mbunifu Mustafa Hassanali, wenzako wanapita pale wanaonekana kwenye televisheni.

---

BintiZabibu

Ile ipo tangu 2008 na imewafungulia wengi njia, siipingi. Ila kwa aliyeko Dodoma, piga hesabu ya kushona nguo kumi ambazo hakuna aliyeziagiza, ukalale Dar siku nne na wasaidizi wawili. Hivyo ni vipande kumi vya kwanza kwa mpigo. Nitaenda siku nitakayoweza kuvipoteza vyote nisihame nyumba.

Mtaji msiniulize benki. Mimi cherehani ya kiwandani niliipata kupitia kikundi, ile mikopo ya halmashauri inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, yaani 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Tulikuwa watano. Wawili walikopa wasije wakaonekana tena, tukawalipia. Chagueni watu kabla ya kuchagua jina la kikundi.

Na bei, maana mmeniuliza inbox. Ule mkoba wa 50,000 leo nauza 85,000. Nilipopandisha nilipoteza karibu nusu ya wateja mwezi ule. Waliobaki walinitosha.

---

Kijana wa Jamatini

Dada, nimekaa na daftari tangu jana. Umeniharibia usingizi. Nimechukua suti moja ya kike niliyomaliza juzi, blauzi na sketi, kitambaa cha mteja. Nimetoza 35,000. Gamu (kitambaa cha kukazia) 2,000, bitana 6,000, zipu 500, vifungo 1,500, uzi 500, umeme 1,000, kodi ya kibanda nimekadiria 2,000. Jumla 13,500. Nimebaki na 21,500 safi. Sioni hasara iko wapi.

Halafu lile la VETA, mtu aliyejifunzia kibarazani kama mimi anaweza kupata cheti?

---

BintiZabibu

Cheti unaweza. VETA wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, wanakupima kwa vitendo, wanakuonyesha upungufu wako, unajaziwa. Nenda kaulize, beba na kazi zako.

Suti ilichukua siku ngapi?

---

Kijana wa Jamatini

Mbili na nusu. Na mteja alirudi mara mbili, kiuno.

---

BintiZabibu

Na ujira wa fundi umeuandika mstari wa ngapi?

---

Kijana wa Jamatini

Sina fundi, nashona mwenyewe.

---

BintiZabibu

Mimi msaidizi wangu namlipa 12,000 kwa mkoba wa saa tano. Chukua daftari, weka mstari wa nane, andika hizo siku mbili na nusu na zile safari mbili za kiuno. Kisha turudishie jumla hapa.